Tuwapeleke Watoto Wakalale Msituni

Mazoea yana taabu. Tumezoea kuamini kwamba kulala hemani katikati ya msitu ni starehe ya watalii kutoka ng'ambo, na kwamba Mwafrika mwenye akili timamu hawezi kuiacha nyumba yake ya bati na mlango wa chuma akaenda kulala chini ya miti, jirani na nyoka na nyani. Maneno haya nimeyasikia kwa majirani, kwa jamaa, na hata kwa walimu wenzangu katika chumba chetu cha walimu. Leo nataka kuyapinga, maana naamini kwamba dhana hii inaigharimu nchi yetu misitu yake.

Shule zilipofungwa hivi majuzi, mimi na mke wangu tuliwachukua watoto wetu watatu, pamoja na mpwa wangu anayeishi Nairobi, tukaenda kukaa kuanzia Ijumaa hadi Jumapili katika kambi iliyoko Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega. Sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, nayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ilhali upande wa kusini, kule Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Tulibeba hema mbili za kuazima, jiko la makaa, unga, omena, ndizi na blanketi nzito, kwa sababu msitu ule uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi.

Alasiri ya kwanza mvua ilinyesha, kama ilivyo desturi ya mahali pale. Watoto wakajikunyata hemani wakinung'unika kwamba hakuna televisheni. Jioni simu zikazimika moja baada ya nyingine, na hapakuwa na umeme wa kuzifufua. Kisha giza likaingia, giza la kweli, ambalo mtoto wa mjini hajapata kulikuta maishani mwake. Mpwa wangu, mvulana wa miaka kumi na mitatu asiyeogopa magari ya barabara ya Thika, alinishika mkono asiuachilie hadi usingizi ulipomchukua. Alfajiri yake, kabla jua halijachomoza, mbega walianza kunguruma juu ya miti, kundi moja likiitikia jingine, hadi msitu mzima ukavuma. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje kwenda kuwatafuta.

Siku ya Jumamosi tulimkodi mwongoza wageni, mzee wa pale pale aliyezaliwa kando ya msitu. Alituonyesha mtini mkubwa uliokuwa mtupu ndani kama dohani, akawaeleza watoto kwamba zamani ndege alidondosha mbegu juu ya tawi la mti mwingine. Mbegu ikaota, mizizi ikateremka hadi ardhini, ikauzingira mti ule uliowapa malazi, na mwishowe mwenyeji akafa akaoza, mgeni akabaki amesimama. Watoto waliingia ndani ya uwazi ule wawili wawili. Akatuonyesha pia mwiritsa, mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya maradhi ya tezi za kiume huko Ulaya. Shina lake lilikuwa na kovu refu mahali lilipochunwa. Alitufafanulia kwamba mti ukichunwa gome kuuzunguka wote hufa, na kwamba uchunaji huo ndio uliofanya biashara yake ya kimataifa kuwekewa masharti mwaka 1995. Binti yangu aliligusa kovu lile, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Hakuna aliyemjibu kwa haraka.

Nimeyasimulia haya si kwa kujigamba, bali kwa sababu yananielekeza kwenye hoja yangu. Mwanafunzi wetu hukariri tabaka za msitu wa mvua kutoka vitabuni. Hutaja Amazon, hutaja Kongo, akapata alama zake, akasahau. Ilhali Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ile ile iliyoenea kutoka Afrika ya Magharibi kupitia Kongo, na kiko mwendo wa saa moja hivi kutoka Kisumu. Ndani yake mna zaidi ya aina 300 za ndege na aina 400 za vipepeo. Upande wa Kisere yuko karasinga, kima mwenye ndevu nyeupe. Kitabu hakiwezi kumfundisha mtoto jinsi msitu unavyonukia baada ya mvua, wala jinsi mabawa ya hondohondo yanavyosikika kabla ndege mwenyewe hajaonekana.

Serikali nayo imetuhimiza tupande miti. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila Mkenya ashike jembe na miche, na shabaha iliyowekwa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni jambo jema, nami silibezi. Lakini kupanda mche ni kazi ya dakika tano, na msitu haupandwi kwa siku moja. Mtini ule niliousimulia haukupandwa na waziri wala na mwanafunzi. Ulipandwa na ndege, ukahitaji mti mwingine wa kuubeba na miaka mingi ya kuachwa ukue. Mtoto aliyezoea mistari ya mikaratusi tu atadhani kwamba msitu ukikatwa leo unaweza kurudishwa kesho. Hilo ni kosa la hatari, na hatuwezi kulisahihisha kwa hotuba.

Tukumbuke historia yetu. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, amesimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, na jinsi alivyocheza kwenye kijito kilichotiririka hapo. Aliujua mti kwanza, akaupigania baadaye. Na mwaka 1999, msitu wa Karura ulipokuwa ukigawiwa watu binafsi, wanafunzi wa vyuo vikuu walijitokeza barabarani kuutetea. Je, kizazi tunachokilea kitatoka nyumbani kuutetea msitu ambao hakijapata kukanyaga ndani yake? Mtu hulia kwa ajili ya kile anachokijua.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la kigeni. Nawauliza, tangu lini? Vijana wa Kitiriki, majirani wa msitu huu huu, hupelekwa jandoni katika misitu yao mitakatifu. Wamijikenda wa pwani waliishi ndani ya kaya zao, na misitu hiyo imeorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Kulala msituni na kufundwa humo ni desturi yetu ya kale. Kigeni ni kuuogopa.

Wengine watataja hatari na gharama. Hoja hizi zina uzito. Usiwapeleke watoto mahali pasipo na askari wa wanyamapori au wa misitu. Beba vyandarua na dawa za huduma ya kwanza, fuata masharti ya kambi, na usiwashe moto pasiporuhusiwa. Walimu wanaowasafirisha wanafunzi wapate idhini ya wazazi, wawe wa kutosha kwa idadi ya watoto, na wavulana na wasichana walale mbalimbali chini ya uangalizi. Ama kuhusu gharama, si lazima mwalimu wa Kilifi aje Kakamega; Arabuko-Sokoke iko mlangoni pake. Wa Nyeri ana Aberdare, wa Taita ana Ngangao. Hema huazimwa, na ugali wa msituni hauli unga mwingi kuliko ule wa nyumbani. Shule nyingi tayari hutumia fedha kwa ziara za siku moja ambazo wanafunzi huzimaliza ndani ya basi, wakishuka mara moja kupigwa picha na kunywa soda.

Kuna jambo moja zaidi, na hili liliniuma. Kando ya msitu niliwaona watoto wa vijiji vya jirani wakituchungulia kupitia vichakani. Mzee wetu alinieleza kwamba wao huujua msitu kuliko mtu yeyote: matunda yanayolika, mahali pa mukombero, njia za kima. Lakini wao huingia kwa kuokota kuni, na mara nyingi hufukuzwa. Kwao msitu ni mahali pa kukimbizwa na askari. Tukitaka walinzi wa kesho, tusianze na watoto wa mjini peke yao. Shule za Nairobi na Kisumu zinazozuru Kakamega zishirikiane na shule za Shinyalu na Malava. Mtoto wa kijijini aalikwe kambini kwa heshima, awe mwalimu wa mwenzake. Hapo kila mmoja atajifunza jambo.

Basi nawasihi wazazi na walimu: likizo ijayo, toeni usiku mmoja tu. Mfumo wetu wa elimu ya umilisi unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na sijui tendo lililo jepesi kuliko hili. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, waombeni wazee wenu, na mkinyimwa mara ya kwanza, ombeni tena. Samaki mkunje angali mbichi. Tukingoja watoto wawe watu wazima ndipo tuwaeleze thamani ya msitu, huenda wakatuuliza ni msitu upi tunaousema.