Waipa Zinazojiendesha

Juma lililopita tuliteremka kutoka Mpale kwenda Korogwe, watu wanne katika gari la mgeni. Matone ya kwanza yakaanguka kiooni. Dereva hakugusa kitu, waipa zikaanza kufuta zenyewe. Bibi aliyeketi nyuma akauliza, “Mwanangu, nani kaziambia?” Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa jema. Leo nalijibu.

Kwa ndani, juu ya kioo cha mbele, pamebandikwa kijisanduku. Mna kitaa kitoacho nuru isiyoonekana kwa macho, na kipokezi cha kuipokea nuru hiyo. Nuru hupigwa kiooni kwa mshazari. Kioo kikiwa kikavu, karibu yote hugonga uso wa nje ikarudi kwa kipokezi. Tone la maji likishika pale, huwa kama mlango uliofunguliwa: nuru kiasi hutoka nje, wala hairudi. Kompyuta ndogo huona upungufu huo, ikaamuru waipa zifute. Nuru ikipungua sana, waipa huenda mbio, ikirudi, hutulia.

Basi mtambo huu hauijui mvua. Waujua upungufu wa nuru tu, tena katika sehemu ndogo ya kioo.

Jambo hili tulilionja njiani. Kwenye kona moja lori liliturushia tope. Waipa zilifuta mara moja, zikasita, na kioo kikabaki cheusi mbele ya dereva. Kushoto kwetu lilikuwa bonde. Kijana yule alipunguza mwendo, akamwaga maji kiooni, akaziendesha waipa kwa mkono wake mpaka akaiona njia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Enyi wenye magari ya namna hii, shikeni mambo mawili. Kioo kikibadilishwa, fundi akibandike kijisanduku barabara, pasibaki hewa katikati, la sivyo kitadanganyika. Tena, kabla ya kijana kufuta kioo kwa kitambaa, zima swichi: waipa zaweza kuanza ghafula zikamwumiza vidole.

Mwaka 1903 Mary Anderson wa Marekani alipewa hataza ya kifutio cha kioo, ambacho dereva alikiendesha kwa mkono akiwa ndani ya gari. Tangu hapo mafundi wametupunguzia kazi nyingi. Lakini katika njia zetu za milimani, mkono ule haujapewa likizo, wala macho.