Mkono Mmoja, Maana Nyingi

Mzee mmoja alituletea barua ya Kiingereza aliyofasiriwa na mwanawe mdogo: kijana wa Kiislamu aliyelelewa Uingereza anaomba mkono wa binti yake. Mzee alighadhibika, vipi asiye maharimu aombe kumshika binti mkono? Tulipoisoma, tuliona ni posa ya heshima.

Kwa Waingereza, neno hand ni kiungo, ni msaada, ni baharia, ni mshale wa saa. Na kuomba mkono wa binti ni kuposa. Mwingereza naye, akiombwa mkono wa Idi, atanyoosha kiganja kitupu. Wala hatajua kwamba mkono wa birika ni bahili.

Wazazi, tuwafunze watoto maana, si maneno matupu. Posa ile nusura ipotee kwa neno moja.