Korosho yastawi Newala, chakula je?

KILA msimu wa korosho unapofunguliwa, Newala hutajwa miongoni mwa wilaya zinazoliingizia taifa fedha za kigeni. Swali lisilojibiwa na mizani ya ghalani ni iwapo ardhi hiyo hiyo inaweza kuwalisha wakazi wake.

Wilaya hiyo ya Mkoa wa Mtwara iko ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde, ambako sehemu kubwa ya udongo ni kichanga chenye kina kirefu. Maji ya mvua huzama upesi na kuondoka na virutubisho. Mvua yenyewe ni ya msimu mmoja, na kwa miongo mingi maji ya kunywa yamesukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni.

Ni rahisi kusema ardhi ya namna hiyo ni mbovu. Hata hivyo, mwongozo wa tathmini ya ardhi uliotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1976 unakataza hukumu ya jumla. Ardhi hupimwa kwa kila zao peke yake.

Kwa kipimo hicho, mkorosho unafaulu, kwa kuwa mizizi yake hufuata unyevu chini sana. Muhogo nao huvumilia udongo dhaifu, na kunde, mbaazi na njugu mawe hustahimili. Mahindi, ambayo ndiyo ugali unaopendwa, ndiyo yanayoumia, kwani yanahitaji virutubisho vingi ambavyo kichanga hakivihifadhi.

Matokeo yake, kaya nyingi huuza korosho ili zinunue unga. Mpango huo ni mzuri bei inapokuwa nzuri na malipo yanapofika kwa wakati. Mwaka 2018 kulipotokea mvutano wa bei kati ya wakulima na wanunuzi, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, lakini baadhi ya wakulima walisubiri fedha zao hadi mwaka 2019. Udongo haukuwa umebadilika. Kilichoyumba ni soko.

Historia pia inaonya. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Miongoni mwa sababu ni watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga.

Salfa iliyoukabili ugonjwa huo nayo ina gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ukiwashirikisha wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, ulionyesha kuwa unga huo huongeza tindikali ardhini. Shamba linaloifaa korosho leo linaweza kuwa gumu kwa mahindi au karanga kesho.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavipa vijiji uwezo wa kupanga ardhi yao. Mpango utakaotenga eneo la korosho bila kutenga la muhogo na mikunde, wala kupima udongo unaopuliziwa salfa mara kwa mara, utakuwa umepanga mapato tu.

Tathmini ya ardhi ya Newala haina budi kuuliza mambo mawili kwa pamoja: zao gani litaota, na familia itakula nini mwaka ambao korosho haitalipa.