Sare Huvuliwa, Ujuzi Hauzeeki

Kila aliyevaa sare ataivua siku moja. Wengine huivua kwa kustaafu, wengine kwa maradhi au jeraha, na wengine kwa sababu Taifa limeamua kupunguza majeshi yake. Siku hiyo bunduki hurudishwa ghalani na mtu hurudi kwake na vitu viwili: afya aliyosaliwa nayo, na kazi ambayo mikono yake inaiweza. Katika makala haya twapenda kulichambua hili la pili, kwani limo katika uwezo wa kila askari na kila polisi, awe na umri wa miaka 20 au 50.

Hapa Burundi jambo hili si nadharia. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na mapatano yaliyofuata na makundi yenye silaha, kazi ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia ilianza Desemba 2004. Katika miaka michache watu zaidi ya 20,000, wa jeshini na wa msituni, walikuwa wamekwisha kuweka silaha chini. Walipewa fedha za kuanzia maisha kwa mafungu, kisha wakapewa hiari: kurudi masomoni, kujifunza ufundi, au kupokea bidhaa na vifaa vya kuanzisha shughuli ndogo ya kujipatia kipato. Walio wengi walichagua hiyo shughuli ndogo. Waliochagua ufundi walikuwa wachache.

Hatuwalaumu. Mwenye watoto wanaongoja chakula cha jioni hawezi kuwaambia wangoje mpaka amalize mafunzo ya useremala. Lakini biashara nayo ni ujuzi. Mtu aliyelishwa na jiko la kambi tangu ujana wake, akavikwa na ghala la kambi na kuamshwa kwa tarumbeta, atajifunzia wapi kutenganisha mtaji na fedha ya mboga? Atajifunzia wapi kupima faida na hasara, au kumkatalia kwa upole jamaa anayetaka kukopa? Ni dhahiri kwamba mafunzo yanayokuja baada ya sare kuvuliwa humkuta mtu tayari ana haraka. Wakati wake ni kabla.

Swali hilo limerudi tena katika siku zetu. Wanajeshi wa Burundi waliingia Mogadishu kuanzia Desemba 2007, na kwa miaka mingi posho ya ujumbe wa Umoja wa Afrika ilijenga nyumba na kulipa karo. Ujumbe wa ATMIS ulifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2024, na Burundi haikuingia katika ule uliofuata. Posho hiyo imekoma. Aliyejua kuweka hesabu ana kiwanja, au ng'ombe, au akiba. Asiyejua anabaki na kumbukumbu za jua la Somalia. Mara nyingi tofauti yao haikuwa cheo wala bahati, bali daftari moja la mapato na matumizi.

Wako watakaosema kwamba umri umekwenda. Hao na wamkumbuke Kimani Maruge wa Kenya, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau. Mwaka 2004, baada ya serikali ya Kenya kuondoa ada katika shule za msingi, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, akaketi pamoja na watoto wadogo. Hadi alipofariki mwaka 2009 hakuacha kujifunza. Kama mpiganaji wa umri ule hakuona haya kuvaa kaptula ya shule, sajini wa miaka 40 ana udhuru gani?

Wengine watasema kwamba hakuna walimu wala majengo. Jirani zetu wa Tanzania walilijibu hilo zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Baada ya kusikiliza walijadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Aliyejua kusoma alimsomea asiyejua. Somo lilimalizika kwa kazi inayoonekana, na huo ndio mfano unaotufaa.

Hapa Bujumbura walimu wamejaa. Katika magereji ya Buyenzi wapo mafundi wanaoitambua injini kwa kuisikia tu. Kila mtaa una fundi cherehani, mwashi na fundi umeme. Hata ndani ya kikosi, dereva anajua gari, mganga wa kikosi anajua kufunga jeraha, na karani anajua hesabu. Jioni moja kwa juma, kila mmoja akiwafundisha wenzake analolijua, kambi nzima itakuwa chuo bila ya faranga moja ya ziada. Kamanda atakayeitenga saa hiyo katika ratiba atakuwa amewatendea askari wake wema utakaodumu kuliko nishani.

Tusidharau mambo madogo. Polisi aliyepangwa kituo cha mbali na familia yake, asiyejua kupika maharagwe, hula mshahara wake mgahawani. Askari anayelinda ufuo wa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, asipojua kuogelea hawezi kumwokoa mtoto anayezama, wala kujiokoa mwenyewe. Wala tusiseme kwamba jiko na sindano ni kazi ya wanawake, kwa maana tumbo na shati havichagui.

Kizuizi kikubwa, basi, ni haya inayoletwa na cheo. Ni vigumu kwa mkubwa kumwuliza kijana namna ya kuunganisha waya. Lakini wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndugu askari, ndugu polisi, chagueni jambo moja, mtafuteni mwalimu mmoja, mkaanze juma hili, sare zikiwa bado mwilini.