Fyuzi ya Dhahabu Haiongezi Bezi

Imetufikia kutoka ng'ambo imani kwamba ukiitoa fyuzi ya kawaida katika kikuza sauti chako, ukaweka nyingine ya "daraja la juu" iliyopakwa dhahabu, muziki utakuwa safi zaidi na bezi itashuka. Ulaya na Marekani fyuzi moja ya namna hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola 100, na wapo wauzaji wanaodai kuwa ina upande: ukiigeuza, sauti hubadilika. Kwetu imani hiyo huja kwa bei nafuu, katika vifaa vya muziki wa magari vyenye rangi ya dhahabu na katika kiapo cha muuzaji kwamba hii ndiyo "orijino". Nasema bila kumung'unya maneno: ni uongo, tena uongo unaomuumiza mwenye seti ya muziki wa kukodi kule Mahege kuliko unavyomuumiza tajiri wa London.

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko vingine vyote njiani, ili umeme ukizidi kife chenyewe na kuiokoa nyumba. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Umeme wa gridi yetu hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Anayesema fyuzi ina upande na atuambie ni upande upi kati ya safari hizo. Kisha umeme huo hauendi kwenye spika. Hupita kwenye transfoma, hunyooshwa, huhifadhiwa katika kapasita, na ndipo kikuza sauti huchota humo.

Tupige hesabu. Hata tukiipa fyuzi ukinzani wa omu 0.05, ambao ni ukarimu, amperi tano zikipita hupotea robo ya volti kati ya 230. Sasa tazama ule waya wa kurefusha umeme unaovutwa kutoka nyumba ya jirani hadi uwanja wa shughuli, mita 50, shaba ya milimita moja ya mraba. Kwenda na kurudi ni karibu omu 1.7. Kwa amperi zilezile, zaidi ya volti nane zimepotea kabla DJ hajagusa kitufe. Nani anauza waya mnene kwa mbwembwe kama zile za fyuzi?

Nitaambiwa: lakini mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu. Siyadharau masikio ya mtu. Nadai tu yapimwe kwa haki. Tundika pazia, mtu mwingine abadilishe fyuzi kwa kurusha sarafu, wewe utaje ipi iko ndani, mara kumi. Anayebahatisha atapatia zote mara moja katika 1,024. Mtu aliyelipa pesa nyingi na kushuhudia kifaa kikifungwa husikia pia bei yake na matumaini yake. Ndivyo tulivyoumbwa sote, maprofesa wakiwamo.

Lipo jambo moja ambalo haki inadai nilikubali. Katika vitongoji vya delta vinavyotegemea sola na betri, mfumo ni wa volti 12, na hapo mkondo ni mkubwa. Amperi 30 zikipita kwenye kishikio chenye kutu cha omu 0.05, hupotea volti moja na nusu, yaani sehemu moja ya nane ya umeme wote. Sabufa itakoroma kweli. Lakini dawa yake ni msasa, skrubu iliyokazwa na kuziba hewa ya chumvi. Fyuzi mpya ya shilingi chache, yenye amperi sahihi, itafanya kazi ileile ya ile ya dhahabu.

Wanafunzi wangu watauliza fyuzi inahusiana nini na siasa. Inahusiana sana. Taa zinapofifia jioni na spika kukwaruza, chanzo mara nyingi ni umeme mdogo: laini ndefu, transfoma iliyoelemewa, nyumba isiyo na ethi. Hayo ni mambo ya umma. Muuzaji wa fyuzi huyageuza kuwa upungufu wa mnunuzi: hujanunua kifaa bora, ongeza pesa. Mwananchi aliyekuwa na haki ya kulalamika anageuzwa mteja mwenye aibu. Mto Rufiji unabeba Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, na umeme wake hupandishwa kwenda Chalinze kwa laini ya kilovolti 400. Takwimu hizo za fahari hazisemi lolote kuhusu volti zinazofika kwenye soketi ya mwisho wa laini ya kijiji.

Upande wa pili wa biashara hii unatisha zaidi. Anayeaminishwa kwamba fyuzi ni kiungo cha ladha, kama iliki kwenye chai, hataona ubaya kuitoa kabisa na kuweka msumari, au waya uliosokotwa, au karatasi ya pakiti ya sigara, kwa kuwa "hapo sauti inapita vizuri". Inapita, na moto nao unapita, chini ya paa la makuti.

Kwa hiyo nawageukia watumishi wa umma wanaonisoma. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Shirika la Viwango lipo tangu 1975. Fyuzi iliyoandikwa amperi tano ikatwe kwa majaribio ionekane kama kweli hukatika, na rangi yake isimshughulishe mtu. Nanyi vijana wa Kibiti wenye multimita, pimeni volti kwenye soketi saa moja jioni kwa siku 14, andikeni tarehe na namba, mpeleke daftari hilo ofisi ya umeme na nakala EWURA. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.