Tusiogope Kinanda, Tumuulize Mwenye Kukishika

Siku hizi kila wanapokutana wapenzi wa muziki nasikia kilio kimoja: kompyuta zimeanza kutunga nyimbo, basi wanamuziki watakufa njaa. Kilio hiki si kipya. Mwaka 1982 tawi moja la Chama cha Wanamuziki jijini London lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyobuni sauti za kila namna, zipigwe marufuku. Wanachama waliogopa kunyang'anywa riziki.

Lakini hebu tukitazame kisa cha Daniel Miller. Mwingereza huyu alikuwa mhariri wa filamu, wala hakuwa mpiga ala hodari. Alinunua sinthesaiza ya Korg 700S iliyokwisha kutumika, pamoja na tepurekoda yenye njia nne. Akajifungia nyumbani London, akanasa sauti moja, akarudisha ukanda, akaongeza ya pili juu yake, hata zikatimia nyimbo mbili: "T.V.O.D." na "Warm Leatherette". Hapakuwa na gitaa wala bendi, ingawa alijiita The Normal.

Mwaka 1978 alikusudia kutoa santuri 500 tu. Alipopeleka nakala za majaribio katika duka la Rough Trade, wenyewe walizipenda wakamshauri atoe 2,000. Kampuni aliianzisha mwenyewe, akaiita Mute Records. Ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya Depeche Mode mwaka 1981.

Kwa maoni yangu, kinanda kile hakikumpokonya mtu chakula. Kilimfungulia mlango mtu asiye na studio wala tajiri wa kumdhamini. Kila sauti aliitafuta kwa kidole chake, na santuri ikawa mali yake.

Programu za leo ni jambo jingine. Hizo hulishwa nyimbo za watu chungu nzima ndipo zitoe wimbo "mpya", na mara nyingi mtunzi ambaye jasho lake limo humo haulizwi wala halipwi. Hapo ndipo penye ugomvi, wala si kwenye nyaya na vitufe.

Kwa hiyo mtunzi wetu asipoteze nguvu kuilaani mashine. Ajifunze kuitumia, na adai kuombwa ruhusa na kulipwa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sawa, lakini mimi nauliza: nyama hiyo imetoka zizi la nani?