Acheni Kutuambia Gemu Si Fasihi

Kuna sentensi moja ambayo sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tunaipenda kupita kiasi: "Vijana hawasomi, wanacheza magemu." Inasemwa kwenye uzinduzi wa vitabu, inasemwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na anayeisema hutikisa kichwa kama mtu aliyeko msibani. Mimi nasema sentensi hiyo ni uvivu wa kufikiri. Tena ni uvivu wenye gharama, maana mojawapo ya kazi zinazozungumzia kufiwa na maumivu ya ndani kwa Kiswahili ni gemu, nasi tumelipita kimyakimya.

Linaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na lilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Aliyelibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alilitengeneza na studio yake, Surgent Studios, kutokana na uchungu wa kumpoteza baba yake. Ukitaka, wahusika wanazungumza nawe kwa Kiswahili. Kijana Zuberi amefiwa na baba, na baba amemwachia kitabu. Ndani ya kitabu hicho yumo Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba na hataki kukubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: Zau amletee mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba yake.

Hebu niambieni, hicho si kisa? Hadithi ndani ya hadithi, mapatano na mauti, safari ya mtu aliyekataa kukubali. Kingekuwa kwenye karatasi, mwanafunzi wa shahada ya pili angeshakiandikia tasnifu.

Wanaopinga huja na hoja tatu. Ya kwanza: gemu ni kupigana na kubonyeza, si kusoma. Sawa, lakini fasihi yetu ilianza lini kuwa ya kukaa kimya? Kitendawili hakiendi bila mtu kuitikia "tega". Ngano bila waitikiaji imekufa. Katika gemu hili kuna mahali Zau anakaa chini ya mbuyu, anazungumza na Kalunga kuhusu yanayomsibu, na akiinuka hapo uhai wake umeongezeka. Kuzungumza kunamwongezea nguvu za kuendelea na safari. Ni maana iliyowekwa ndani ya kanuni za mchezo wenyewe, na mchezaji anaipata kwa kuitenda.

Tena magemu yanaweza jambo ambalo riwaya hulifikia kwa shida. Euphrase Kezilahabi alituingiza kichwani mwa Kazimoto katika Kichwamaji, mwaka 1974, na mpaka leo mwisho wa yule kijana aliyejiua unaumiza. Lakini bado tunamsoma Kazimoto. Katika Hellblade: Senua's Sacrifice, gemu la mwaka 2017 kutoka Uingereza, unavaa hedifoni na sauti zinazomsumbua Senua zinakuzunguka wewe: moja inakukejeli, nyingine inakuonya, nyingine inakudanganya. Watengenezaji walishauriana na Profesa Paul Fletcher wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na pia na watu waliowahi kuishi na sauti za namna hiyo. Baada ya dakika kumi huwezi tena kumcheka mtu anayeongea peke yake stendi.

Hoja ya pili: gemu la Salim limetengenezwa Uingereza, Kiswahili chake ni cha kuingizwa tu. Jamani! Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitupa Mabepari wa Venisi, kazi ya Shakespeare, nasi tukaipokea katika fasihi yetu bila kumdai Shakespeare cheti cha kuzaliwa Butiama. Leo mtoto wa Mkenya anasimulia msiba wa baba yake kwa mizimu ya Kiafrika, ndiyo tunakumbuka kuuliza uraia?

Hoja ya tatu ina uzito. Mtaani Mpanda, kwenye banda la gemu, vijana wanalipia muda wao kucheza mpira na kufukuzana na polisi wa Marekani. Gemu la Zau linataka mashine na pesa ambazo wengi wao hawana. Ni kweli. Lakini vitabu navyo ni ghali na havifiki, na hatujawahi kusema kwa sababu hiyo riwaya si fasihi. Tunadai maktaba.

Na kwa nini nang'ang'ana? Kwa sababu huku kwetu neno tunalompa kijana aliyefiwa ni "jikaze". Jikaze, wewe mwanaume. Matanga yakianuliwa, na kilio nacho kianuliwe. Asipoweza, tunasema ana mawazo, au amerogwa, au tunamtania kwamba wa kupelekwa Mirembe, kana kwamba ile hospitali ya Dodoma ni tusi. Sheria nayo inamsubiri: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi bado.

Na Katavi si mkoa usiojua kupoteza. Katumba na Mishamo zilianzishwa kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wajukuu wao wamezaliwa hapa, wamekulia hapa. Majonzi hurithiwa hata yasiposimuliwa, na yasiposimuliwa ndiyo hulemea zaidi.

Sisemi gemu linatibu sonona. Dawa na wataalamu wana kazi yao. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuomba msaada kwa jambo asilo na maneno nalo, na kazi ya fasihi ni kutafuta maneno hayo popote yalipo. Mhakiki anayekataa kuangalia kwa sababu tu kuna padi mkononi, amewaacha vijana na "jikaze" peke yake.

Kwa hiyo tuyahakiki magemu haya kama tunavyohakiki tamthiliya. Waandishi wetu wakae meza moja na vijana wanaojua kuandika programu. Visa havitatupungukia: katika Hifadhi ya Katavi, karibu na ziwa, upo mkwaju ambao Wabende wanasema ndimo inamokaa roho ya mwindaji Katabi, na watu huacha sadaka chini yake wakiomba baraka. Salim alimketisha Zau chini ya mbuyu. Mkwaju wetu haujapata wa kumketisha mtu wake.